Bibi-Arusi wa Somo la Estetiki

Nacheka mwenyewe kabla hamjanicheka: mimi, mwalimu mzima, baba wa watu, nilifikishwa shuleni kwangu na soko zima la Kasongo nikiwa bibi-arusi aliyeibwa. Aibu niliipata, siikatai, na hadi leo nikipita kwa wauza mawese wananipigia vigelegele, lakini msinionee huruma, ngojeni kwanza nimalize.

Nafundisha estetiki katika shule ya wavulana, yaani kuchora, kuimba na kuigiza, saa moja kwa juma (moja tu!), na hiyo moja komite ya wazazi ilitaka kuifuta iwe ya hesabu. Mwenyekiti wao, Mzee Shabani wa duka la mabati, aliniambia mbele ya prefe, mkuu wetu wa shule: "Mwalimu Ramazani, sikumutuma mutoto wangu ku masomo aje kuchezacheza. Ile michezo yenu iko bongo tu, uongo wa kushindwa kudanganya hata mutoto." Tukakubaliana kwamba Jumamosi wavulana waigize mbele ya wazazi, halafu komite iamue.

Mchezo wetu ulikuwa wa msichana anayeozwa kwa nguvu kwa mnunuzi wa dhahabu wa Lusangi. Wazazi walishaapa hakuna mtoto wao atakayevaa nguo ya kike, nikasema sawa, nitavaa mimi. Mke wangu Zaina akanivika nyumbani, shela lake la arusi mpaka miguuni, na hina mikononi (hina ya kweli, mimi sifanyi mambo nusu), akasema, "Ngoja nivae na mimi nikusindikize." Nikamjibu nachelewa. Hapo ndipo nilipojiharibia, maana nilipanda pikipiki ya kijana mmoja mgeni kutoka Kabambare asiyenijua kabisa, Zaina akamwambia tu anipeleke shule ya wavulana, na tukaondoka.

Sasa mnajua wenyewe, kwetu bibi-arusi hatoki nje bila shangazi. Bibi-arusi aliyefunikwa, peke yake nyuma ya pikipiki, mchana kweupe, huyo ameibwa. Tulipofika sokoni Mama Salima, muuza mawese, akaruka katikati ya barabara na faneli yake mkononi.

"Simama! Huyu mutoto, shangazi yake iko wapi?"

"Mama, mimi sijui. Nimeambiwa tu nimupeleke."

"Umupeleke wapi?"

"Ku masomo ya wavulana."

Weee! Wanawake wakatuzunguka wote. "Binti, weye iko mutoto ya nani? Sema, usiogope." Ningesema nini na sauti yangu hii nzito? Mwanamume amejifunika shela katikati ya wake za watu, nani angengoja maelezo? Nikatikisa kichwa, wakasema analia, maskini. Kulifunua shela hakuna aliyethubutu, kazi hiyo ni ya shangazi. Basi wakafunika ndoo zao, wakaigeuza pikipiki ikawa ya kusukumwa, na tukaenda shuleni kwa miguu na kelele, mimi juu, wao chini, njia nzima wakimlaani mwalimu waliyedhani ameagiza niibwe.

Uwanjani wazazi walikuwa wameshakaa. "Mwalimu gani ameiba mutoto ya watu?" Mama Salima akauliza, na prefe, jasho linamtoka, akawapanga walimu wote mstari. Akahesabu, akakosa mmoja.

"Ramazani hayuko."

"Basi ndiye yeye!"

Mzee Shabani akainua fimbo. "Nilisema mimi! Ile estetiki yake ndiyo imemuharibu!"

Nilikuwa nimeshatafuta kwa macho njia ya kutorokea kupitia nyuma ya vyoo, lakini kusikia nahukumiwa kwa kosa la kujiiba mwenyewe, hasira ilinipanda, nikafunua shela.

"Eh! Bibi-arusi iko na ndevu!"

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, na wavulana wangu wakiwa wa kwanza. Prefe akaninong'oneza nikavae suruali, mchezo umekwisha.

"Sivui," nikasema, na nikasema kwa sauti. "Mzee Shabani, ulisema michezo yetu haiwezi kudanganya hata mutoto. Angalia nyuma yako. Soko nzima imeacha mawese yake kuja kumutetea mutoto wasiyemujua, sababu ya kitambaa moja. Hesabu gani ingewatoa kule?"

Nikajifunika tena, wavulana wakaingia, tukaanza. Tulipofika mahali bibi-arusi anakaa akingoja kuchukuliwa, Mama Salima akatoka kwa watazamaji, mikono yake imejaa mafuta, akaketi ubavuni mwangu. "Cheza tu, mwalimu. Lakini bibi-arusi hakai peke yake." Aliyeigiza baba yangu alikuwa Issa, mtoto wa Mzee Shabani mwenyewe, na alipotuona vile maneno niliyomfundisha yakampotea, akamgeukia mnunuzi, akasema ya kwake: "Chukua mahari yako, rudi nayo. Mutoto wangu haende." Hakuna aliyecheka. Mzee Shabani alikuwa amekaa, fimbo ameilaza chini, anamtazama mwanawe.

Saa yangu ilibaki. Komite iliisukuma hadi mwisho wa Jumamosi, jua kali na njaa, nikaichukua hivyo hivyo. Na naapa mbele yenu: sitapanda tena pikipiki peke yangu nikiwa bibi-arusi. Tunacheza tena mwaka huu, shela limeshafuliwa, na Mama Salima amesema atapitia nyumbani kunichukua.