Tulivyotoa pampu ya mjomba kwenye shimo lililozibwa Masasi, na wote tukarudi juu

Wakuu, salamu kwenu nyote. Muda mrefu nimekuwa msomaji tu wa nyuzi zenu, leo naweka wangu. Sitaongeza chumvi, na pale nilipoogopa nitasema niliogopa.

Mimi ni mtu wa Chilangala, Newala. Nimefanya kazi miaka sita kwenye mgodi wa makaa ya mawe huko Ruvuma, kwenye kikosi cha kuingia sehemu zilizofungwa na kuokoa mitambo. Baadaye nikarudi nyumbani kulima korosho.

Mjomba wangu, Baba Rehema wa Makote, alikuwa na shimo la vito nje kidogo ya Masasi. Kina chake kama mita ishirini na tano.

Mvua zilipozidi wakalifunika kwa magogo na zege, wakaondoka. Ndani wakaacha pampu ya umeme na drili mbili za kutoboa mwamba.

Miaka miwili ikapita. Mjomba akaanzisha kitalu cha miche ya mikorosho, na maji ya kumwagilia yakawa yanapandishwa kutoka bondeni kwa ndoo. Kichwa kilichobeba ni cha mkewe, Mama Rehema, na shingo yake ilishachoka.

Akanipigia simu. "Mpwa wangu, Jumamosi tunafungua shimo."

Nilipofika, zege lilishavunjwa. Shemeji yangu Hamisi, mume wa Rehema, ameshajifunga kamba kiunoni, anataniana na watu.

Nikamwambia, "Shemeji, vua kamba kwanza."

"Shimo hili nimelichimba kwa mikono yangu. Nalijua."

"Shimo unalijua. Hewa iliyomo huijui."

Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. "Hamisi, mwanangu, mpishe."

Kwa wasiojua: shimo likikaa limezibwa, magogo yanaoza na oksijeni inaisha. Huoni kitu, hunusi kitu. Kule kwenye makaa ni balaa zaidi, kuna gesi inayolipuka, huruhusiwi hata kiberiti mfukoni.

Nilikuwa nimeazima kipima gesi kwa rafiki niliyefanya naye kazi, akakituma kwa basi hadi stendi ya Masasi. Nikakifunga kwenye kamba, nikakiteremsha taratibu.

Mita tano, kimya. Kufika tisa kikaanza kupiga kelele.

Nilipokivuta juu, kilionyesha oksijeni ya chini kabisa kiliyokutana nayo: haifiki nusu ya hii tunayovuta hapa. Mtu hapo anaanguka kabla hajaita.

Hamisi alisoma ile namba, akakaa chini kwenye udongo, akafungua kamba mwenyewe. Hakuna aliyemcheka. Mimi mwenyewe niliogopa, maana bodaboda yangu ilipata pancha njiani. Ningechelewa dakika kumi zaidi, tungekuwa na msiba.

Sasa raha inaanzia hapa.

Tuliazima feni kubwa ya karakana. Ikabaki ishu ya bomba la kupeleka hewa hadi chini. Nikaenda sokoni kwa Mama Zuhura, fundi cherehani, nikamwomba anishonee mfuko wa turubai, mrefu mita ishirini na tano, wazi pande zote mbili.

Akanitazama. "Baba, hii suruali ya nani?"

Alishona siku nzima huku soko zima likija kumtazama.

Jenereta tuliiweka mbali, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na shimo. Feni ikapuliza siku mbili. Tukapima juu, kati, chini, mara tatu. Kipima kikanyamaza kote.

Asubuhi ya siku ya tatu nikashuka. Feni inaendelea, kipima kifuani, helmeti, mkanda wa mwili mzima na kamba ya pili ya akiba. Hamisi aliomba ile ya akiba aishike yeye. Mvuto mmoja simama, miwili nipandishe.

Katikati nikakuta gogo linalozuia ukuta usiporomoke limeoza. Nikapanda, tukaandaa jipya, nikarudi kulibana kabla ya kuendelea. Na kila mzigo ulipopanda, nilijibanza kwenye njia ya mchepuko, ile iliyochimbwa kuingia ubavuni mwa shimo, siyo chini yake.

Drili zikatoka, kisha pampu. Halafu nikatoka mimi. Vigelegele vya siku ile vilisikika hadi barabarani, na Rehema alimkumbatia mumewe mbele ya baba yake bila aibu.

Wiki iliyofuata, fundi aliisafisha pampu, tukaifunga bondeni. Ilikohoa kidogo, bomba likajinyoosha, maji yakaruka kule juu kitaluni. Mama Rehema aliweka ndoo chini, akasogea na nguo zake zote, akalowa, akawa anacheka tu. Mjomba naye akaingia kwenye maji.

Nilichojifunza: vifaa vinaweza kusubiri. Hivi vilikaa humo miaka miwili na bado vinapiga kazi. Mtu aliyeishiwa hewa hasubiri hata dakika tano.

Wenye uzoefu wa visima, mashimo ya vyoo na matangi ya chini, leteni yenu tujifunze. Na kama kuna shimo lililofungwa unataka kulifungua wikiendi hii, tafadhali uliza hapa kwanza. Nitajibu, hata kama niko shambani.