Nilivyojifungia Ndani ya Gari la Mzee

Gari lilikuwa la mzee mmoja mstaafu wa pale Mkiwa. Wezi waliwahi kupenyeza waya kando ya kioo, wakavuta vile vipini vya loki vinavyochomoza juu ya mlango, wakaondoka na redio. Mzee alikasirika, akang'oa vipini vyote ili pasiwe na cha kuvuta. Halafu akaniita mimi, fundi umeme wa magari, nimfungie alamu.

Niliifunga vizuri, lakini baada ya siku chache ikaanza kulia ovyo. Nikarudi. Shida ilikuwa swichi ya mlango wa dereva, kile kidude cha mpira kinachobonyea mlango ukifungwa na kuwasha taa ya ndani ukifunguliwa. Kilikuwa kimechakaa, kwa hiyo alamu ilidhani mlango umefunguliwa hata kama hakuna aliyeugusa. Asubuhi nzima niliijaribu, ikawa inapiga kelele hadi wauza vitunguu wa barabarani wakachoka kugeuka.

Adhuhuri mzee akaenda msikitini na ufunguo wake mfukoni. Nilichomoa waya wa ile swichi ili niunge mpya, nikazima alamu kwa rimoti, rimoti nikaiweka juu ya paa. Simu ilikuwa kwenye koti, koti liko juu ya boksi la vifaa, nje. Nikaingia kumalizia nyaya chini ya dashibodi. Upepo ulikuwa unamwaga vumbi ndani, nikavuta mlango.

Alamu ya aina ile ukiizima, halafu isione mlango wowote ukifunguliwa, hujirudisha yenyewe na kufunga milango. Na mimi nilikuwa nimeingia kwa mlango ambao waya wake nimeuchomoa. Kwa hesabu ya alamu, hakuna aliyeingia.

Nikasikia *kla*, milango yote kwa pamoja.

Nilivuta mkono wa mlango. Haukukamata kitu, na vipini ambavyo ningevivuta loki ifunguke mzee alishaving'oa. Nikajaribu wa abiria, nikapanda viti nikajaribu ya nyuma. Vioo vilikuwa vya umeme, bila ufunguo havishuki. Nikacheka peke yangu. Kicheko hakikudumu, maana jua lilikuwa utosini na hewa ya mle ndani ilishaanza kuwa nzito, ina harufu ya plastiki iliyochomwa. Shati likanigandia mgongoni. Nikapiga kioo kwa kiwiko, kisha kwa kisigino cha ndala, na hapo alamu ikaanza kulia.

Nilishukuru. Nikajua sasa watakuja.

Mwendesha bodaboda alipita, akanipungia mkono. Wauza vitunguu hawakugeuka hata kidogo. Fundi yupo kazini, walisema moyoni, anajaribu alamu yake. Nikapiga kelele mpaka koo likakauka, na king'ora kikameza kila neno. Ilinijia picha ya mke wangu akiambiwa nimekufa mchana kweupe, barabarani, watu wakinitazama.

Mama mmoja mtu mzima ndiye aliyeinuka kwenye vitunguu vyake. Alikuja na hasira, king'ora kikanyamaza wakati anafika.

"Shikamoo, mama!" nilisema kwenye kioo.

"Marahaba. Sasa ndiyo salamu gani hiyo? Shuka unisalimie vizuri, halafu uzime hilo dude, tunaumwa vichwa."

"Siwezi kushuka, mama. Nimejifungia."

Akanikagua. Nadhani aliona jasho, au macho yangu. "Uwii! Mwenye gari yuko wapi?"

"Msikitini. Lakini rimoti iko hapo juu ya paa! Bonyeza tu!"

Aliitwaa, akaigeuza huku na huku kama yai asilojua kama limeoza. Akabonyeza, si pale. Alamu ikalia upya karibu na sikio lake, akaruka nyuma.

"Mimi sivijui vitu hivi!" alipaza sauti. "Ngoja nimpelekee mwenyewe!"

"Mama, usiondoke nayo! Mama!"

Lakini alishaondoka mbio, khanga ikipepea, rimoti mkononi. Nilimtazama hadi akapotea nyuma ya maduka. Hapo ndipo machozi yalinitoka. Nililaza paji la uso kwenye usukani wa moto, nikapumua kwa mdomo.

Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Nilipofumbua macho nilikuwa nazitazama nyaya zinazoning'inia magotini, nyaya nilizozifunga tepu kwa mikono yangu. Mmoja kati ya zile ulikuwa wa kufungulia milango, ukiugusisha kwenye chuma cha bodi ya gari tu mota zinavuta loki. Nilikuwa naujua tangu mwanzo. Woga ulikuwa umeufuta akilini. Koleo lilikuwa nje, basi nikautia mdomoni, nikatafuna plastiki mpaka ulimi ukagusa shaba, nikaubana kwenye bolti ya kiti.

*Kla.*

Nilianguka nje kwa magoti. Mzee na yule mama walinikuta nimekaa vumbini nikinywa maji ya kuoshea vitunguu.

"Vipini virudishwe, mzee," nilimwambia.

"Wezi je?"

"Virudishwe, au utafute fundi mwingine."

Akaenda kuvitafuta.

Jioni nilikula nikiwa nimekaa kizingitini. Mke wangu akasema nifunge mlango, kuku wanaingia. Nikamwambia waache waingie.