Mikono ya Tabisa Sokoni Kasese

Evas alikuwa amepiga video za harusi kuanzia Kasese hadi Bwera, lakini mama yake Tabisa, kule mlimani Mahango, akiulizwa binti yake anafanya kazi gani, hujibu: "Anachezea mashine ya picha. Tunamwombea." Jibu hilo lilimchoma Evas kuliko alivyokubali kusema.

Basi vijana wa Bwera waliotengeneza filamu fupi kuhusu manunuzi ya mjini walipomwomba awapangie kipande cha mwanzo, pale majina ya waigizaji yanapopita, alijua mara moja anataka mikono ya mama yake. Mikono tu: ikibonyeza nyanya, ikikataa bei, kisha ikikingwa kungoja nyongeza, ile nyanya ya bure ambayo muuzaji mwungwana humwekea mteja juu. Na mama, akishaona jinsi kipande kinavyopangwa, huenda angeacha kumwombea.

Akamwambia ashuke sokoni Kasese Jumamosi wakapige picha. Kosa lilikuwa kutaja picha. Tabisa alishuka na busuti ya kanisani, lile gauni refu la heshima, mkanda unang'aa, uso ameukaza kama anapigwa picha ya kitambulisho.

Ajok, muuza nyanya, mke wa mfanyakazi wa kiwanda cha saruji aliyetoka kaskazini, aliiona busuti hiyo akapandisha bei papo hapo. Biashara haigombi, lakini macho inayo. Tabisa, ambaye siku nyingine angebishana hadi nyanya zioze, akalipa bei aliyotajiwa, akafumbata mikono tumboni.

"Mama, mbona hubishani?" Evas aliuliza.

"Na hii nguo? Batu batasema nini?"

Evas alikaribia kulia. Alimwona akilini mama akirudi Mahango kusimulia jinsi alivyochafua busuti kwa ajili ya mchezo.

Ajok akaingiwa na huruma. Akafungua leso yake kiunoni. "Mama, funga hii juu ya nguo. Pesa yako hii, tuanze bei upya."

Leso ilipofungwa tu, mikono ikafunguka. Ilibonyeza, ikageuza, ikarudisha nyanya kwenye fungu kwa dharau.

"Hii imelala!"

"Mama, imetoka shambani leo!"

"Leo ya lini?"

Bei ikashuka, wote wawili wakicheka, na Tabisa akakinga kiganja kungoja nyongeza. Evas akapiga magoti kwenye matope, kamera karibu. Ndipo mwanamume mwenye gunia la makaa akajipitisha katikati.

Tabisa aliinua kichwa, kiganja bado kimekingwa, uso wake wote ukaingia kwenye kamera.

"Wewe! Pita kando! Hauone mutoto yangu iko na kazi?"

Mpango ulisema mikono tu, bila uso wa mtu. Evas aliuvunja mpango pale pale magotini. Aliuacha uso wa mama yake, akaiacha na sauti iliyotaja kazi, na furaha ikamjaa.