Mfutaji wa Majina

Eck Lownie hakuwahi kuchora hata sikio la mbwa. Nalisema mapema, tena kwa sauti, kwa sababu yeye mwenyewe ilimchukua miaka kumi na mmoja kulisema, na mimi subira ya namna hiyo sijajaliwa.

Kazi yake ilikuwa kufuta majina. Aliingia kwenye lile jengo la mawe mekundu katikati ya Dundee akiwa na miaka kumi na sita, mwaka ambao mama yake aliacha kiwanda cha magunia kwa sababu mashine zilikuwa zimemmaliza masikio. Wakampa kiti, brashi nyembamba kama ukope, na kichupa cha rangi nyeupe. Enzi hizo gazeti la katuni la watoto, *Kishindo*, lilitoka kila Alhamisi, na mtoto asiyelipata siku hiyo Ijumaa alionekana shuleni kama amefiwa. Wachoraji walileta kurasa zao kwa posta, karatasi ngumu za ukubwa wa trei ya chai, na sheria ya nyumba ilikuwa moja: mchoraji haandiki jina lake. Jina likionekana atajulikana, akijulikana atanyakuliwa na magazeti mengine. Kwa hiyo mtoto wa Leeds angeweza kucheka kila wiki kwa kazi ya mkono mmoja mpaka akaota ndevu, asijue mkono huo ni wa nani.

Lakini mchoraji naye ni mtu, anapenda jina lake. Wakawa wanayaficha majina kwenye picha. Mmoja aliliweka lake kwenye kibandiko cha chupa ya maziwa, mwingine kwenye mistari ya matofali. Eck akawa anayatafuta na kuyapaka weupe kabla kurasa hazijapelekwa mtamboni. Alikuwa hodari, nisimdhulumu.

Mjanja kuliko wote alikuwa Fergus Imrie, mchoraji wa Mina Tarumbeta. Mtu wa rika langu akilisikia jina hilo hutabasamu kabla hajajua anatabasamia nini. Mina alikuwa msichana wa magoti yenye michubuko, anayepuliza tarumbeta mahali ambapo mtu mwenye akili zake hawezi hata kukohoa: maktabani, harusini, kwa daktari wa meno akiwa na koleo mkononi. Imrie aliishi Broughty Ferry, nje kidogo ya mji, ofisini alionekana mara mbili kwa mwaka, ananuka tumbaku na hasemi na mtu. Kila wiki alificha herufi zake mbili, F na I, mahali papya. Kwenye mapengo ya mwalimu. Kwenye moshi wa dohani. Kwenye nyuzi za soksi ya Mina, na soksi yenyewe imeteremka. Eck angeinama juu ya ukurasa saa nzima, pua inagusa karatasi, halafu ghafla chumba kizima kingemsikia: "Nimekupata, mwizi wee!" Tone moja la weupe, kwisha. Miaka ishirini na mitatu, na hakuna hata moja iliyomponyoka.

Kisha *Kishindo* likafa, Imrie akafa, mke wa Eck naye, Netta, akafa. Eck akabaki na redio na dirisha linalotazama mto Tay, mpaka siku moja aliposikia kuna watu wanakutana Alhamisi mchana katika chumba cha nyuma cha maktaba. Akaenda. Akakuta wanaume wenye vipara na wanawake wenye meno ya kuvua, wamefunga magazeti yao ya utotoni kwenye mifuko ya plastiki kama mtu anavyotunza hati ya nyumba. Kiongozi wao alikuwa Dod Whamond, dereva wa basi mstaafu, jitu lenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Mzee, nasikia ulikuwa *Kishindo*," Dod alimwambia. "Ulikuwa upande gani?"

"Chumba cha wachoraji. Mina Tarumbeta."

"Mina wetu? Ulimfanyia nini Mina?"

Na hapa ndipo alipoteleza. Eck alikuwa hajaulizwa swali na mtu kwa wiki tatu, labda nne. Akajivuta kitini, akasema, "Hakuna ukurasa wa Mina uliotoka bila mkono wangu."

Ukiitazama sentensi hiyo, ni kweli tupu. Na ukiitazama tena, ni uongo mtupu.

Dod alisimama. Macho yalimjaa maji, jitu zima lile. "Nilikuwa na miaka minane," akasema. "Mguu umefungwa plasta, hospitali miezi minne. Mama alikuja Jumapili tu. Mina alikuja kila Alhamisi. Kumbe ni wewe!"

Eck akafungua mdomo kurekebisha. Lakini mtu alishamletea chai, na mwingine pai ya nyama ya moto, na kukana neno huku unatafuna si jambo rahisi. Alipomaliza pai walikuwa wameshampa kiti cha kando ya kipasha joto. Kiti kikawa chake. Wakaanza kumwita Mzee Wetu.

Alhamisi ikazaa Alhamisi. Waliomba sahihi, akatia. Vitabu vya Krismasi vya zamani, vile vigumu ambavyo kila mtoto alivikuta miguuni mwa kitanda asubuhi, vikajaa jina Eck Lownie kwa wino wa bluu. Walipomwomba achore Mina kidogo, hata pua tu, aliinua mkono wa kulia akauacha utetemeke. "Uzee huu, wanangu." Wakamwonea huruma, wakamwongezea sukari. Ilibidi atetemeke hata akishika kikombe, akawa anamwagikiwa na chai kila wiki ili mambo yaende sawa. Nyumbani mkono ulikuwa tuli kama jiwe, anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Akishautunga, huukalia ule mkono. Sijui alifikiri nani anauona.

Mwaka wa kumi na mmoja Dod akaja na habari. Amechonga kibao cha mbao bandani kwake, amekipaka nyeupe, ameandika kwa herufi nyeusi, kitatundikwa ukutani maktabani Jumamosi saa sita. Gazeti la mji limeshatangaza kwamba kutakuwa na sherehe ya Eck Lownie wa Mina Tarumbeta. Eck alisema asante. Wiki nzima hakula vizuri. Alipanga kuugua, akashindwa kuchagua ugonjwa.

Jumamosi akaenda, amevaa suti aliyomzikia Netta. Kibao kilikuwa ukutani kimefunikwa kitambaa. Kabla hajakaa akajiwa na mwanamke wa miaka sitini hivi, koti la mvua, kabrasha pana kwapani.

"Bwana Lownie? Mimi ni Elspeth Imrie. Binti yake Fergus."

Eck akavua kofia.

"Nimesoma gazetini nikasema lazima nije," alisema yule mama, anatabasamu. "Nimefurahi sana kwamba kuna watu wamekumbuka kazi yako. Nani huwa anamkumbuka mfutaji?"

Ndipo Eck alipoelewa. Elspeth alidhani sherehe ile ni ya mtu wa brashi nyeupe. Alikuwa amekuja kumpongeza.

"Baba alikuwa akikutaja kila akikaa mezani," aliendelea. "Anasema, 'Watoto laki nne wananisoma, Elspeth, lakini anayetazama kila mstari ni mmoja tu. Wacha nimtafutie maficho.' Wiki nyingine alianza na maficho, kichekesho kikafuata baadaye. Nimekuletea zawadi."

Akafungua kabrasha. Ulikuwa ukurasa wenyewe, si wa gazeti, ule wa mkono, mmoja wa zile Imrie alizozikomboa siku kampuni ilipotupa makaratasi yake ya zamani. Mina kwa daktari wa meno. Rangi nyeupe ya siku zile ina tabia yake: ikizeeka hugeuka njano, halafu hubanduka. Kwenye nywele za pua za daktari, mahali ambapo Eck alipapaka weupe akiwa kijana wa miaka ishirini na nane, tone lilikuwa limebanduka lote. F na I zilisimama pale, nyeusi, kama zimeandikwa jana.

"Mama," Eck alisema, "kabla hawajafungua kile kitambaa…"

"Haya jamani!" Dod alinguruma. "Saa sita imetimia!" Akavuta.

ECK LOWNIE, ALIYEMCHORA MINA TARUMBETA.

Watu wakapiga makofi. Elspeth alisoma mara moja, akasoma tena. Hakupaza sauti. Alimgeukia Eck, akamwuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Hata hapa umemfuta?"

Nimesikia matusi mengi maishani, mengine nimeyatunga mwenyewe, na sijapata kusikia kubwa kuliko hilo.

"Hotuba! Hotuba, Mzee Wetu!"

Eck alisimama. "Sikumchora," akasema.

Wakacheka.

"Sikumchora mimi. Alichora baba wa huyu mama, Fergus Imrie. Mimi nilikuwa nafuta jina lake."

Wakacheka zaidi. "Mwoneni anavyojishusha!" Dod aliwaambia. "Huyu ndiye Mina mwenyewe, hata leo anatufanyia mchezo! Mpeni pai!"

Hilo hakulitarajia. Alikuwa ameogopa miaka yote watamtukana, haikumjia kwamba hawatamwamini. Alitazama huku na huku, akaona juu ya meza ya karani kichupa cha wino mweupe wa kufutia, kile cha makosa ya kuandika. Akakichukua, akatembea mpaka kwenye kibao, akaanza na E.

Hakuharakisha. Aliifuata herufi toka juu kwenda chini, ukingo kwa ukingo, bila tone kuvuka mstari, bila alama ya brashi. Akaimaliza C. Akaimaliza K. Kicheko kilikuwa kimekwisha kabla hajafika Lownie, na chumba kilimsikia Dod akisema kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo, sauti ndogo:

"Mkono hautetemeki."

Eck alimaliza jina lake lote, akakifunga kichupa, akakirudisha kwa karani, akamshukuru. Elspeth ndiye aliyechukua kalamu nzito akaandika jina la baba yake pale palipobaki peupe. Mwandiko ulipinda, kwa sababu wino mweupe ulikuwa bado mbichi. Mpaka leo kibao kiko hivyo hivyo.

Eck alipokuwa akitafuta kofia yake, Dod alimsogelea. Alikuwa na kile kitabu chake cha Krismasi mkononi, cha mwaka wa plasta.

"Kilete, mwanangu," Eck alisema. "Nitaitoa ile sahihi. Haitaonekana."

"Usikiguse," Dod alisema. "Umeshafuta vya kutosha."

Zile kurasa nyingine za Imrie zipo, mamia, darini kwa Elspeth, na nyingi weupe bado umeng'ang'ania. Baada ya miezi miwili alimpigia Eck simu, akamwambia kwa ukavu kwamba hakuna mtu mwingine hai anayejua herufi ziko wapi. Kwa hiyo Alhamisi hizi Elspeth huzileta chache chache, na Eck anarudi maktabani na pamba na maji ya uvuguvugu, anautoa weupe wake mwenyewe, tone kwa tone. Anayakumbuka yote, moshi, soksi, mapengo. Kila moja ikitokea wenzake hukusanyika kuitazama, wakacheka, wakaisifia akili ya Imrie.

Chai anajiletea mwenyewe. Kiti cha kando ya kipasha joto kiko wazi, hakuna aliyemkataza, naye hajakikalia tena. Na Dod, akitaka apishwe apite na mkoba wake wa magazeti, humwambia kwa adabu zote: "Samahani, Bwana Lownie."