Mtungi Uliomkojoza Baraka

Aibu niliyoipata katika lile shamba la chuo siwezi kuifunika hata kwa blanketi, kwa hiyo chekeni tu, mimi nilishalia.

Mume wangu, Baba Baraka, alikuwa anasomea udongo hapa Saint Paul, Marekani. Kazi yake ilikuwa kufunika udongo wa mahindi kwa visanduku anase gesi inayotoroka mkulima akishamwaga mbolea (nitrojeni ya mbolea umeinunua, nyingine inapaa kuchafua hewa, sikusoma chuo lakini hilo nalielewa). Jumamosi moja ya Julai profesa wake alikuwa analeta wakulima waone. Akiridhika, Baba Baraka anaongezewa mwaka wa masomo. Asiporidhika, tunafunga mizigo kurudi Eldoret.

Nami nimetoka zamu ya usiku ya kutunza wazee kule Brooklyn Park, macho yanawaka moto, nikamwambia, "Leo kaa na mtoto."

"Njoo naye tu, Mama Baraka. Si ni shamba?"

Shamba! Kwa hasira, na kwa kuwa joto lilikuwa limemtoa mtoto vipele, nikamvua pampas nikamwachia fulana peke yake. Hapo nikajichongea.

Wakulima wamezunguka kisanduku, profesa mbele, mume wangu na tai shingoni (tai, kwenye mahindi!). Kabla hajaweka kifuniko akafungua mtungi wa gesi asafishe chupa zake za kuwekea ile gesi anayoinasa. "Ssssssss!"

Jamani, nyinyi mnajua mtoto wa kwetu anavyokojozwa. Unamshika, unamwambia "ssss," anaachia. Baraka alikuwa hajui njia nyingine. Akasogea, akainua fulana, akaachia ndani ya kisanduku cha babake, bila haraka, kama mtu aliyeitwa kazini.

"Baraka!" nikapiga yowe. "Funga huo mtungi, wewe!"

Baba Baraka amekauka kama gogo. Mtungi unaendelea, mtoto naye anaendelea.

Mzee mmoja mwenye kofia akauliza, "Hiyo tunaweka kiasi gani kwa ekari?" Wakaangua kicheko, na mimi, badala ya kumbeba mwanangu, nikajifunika uso kwa mkoba.

Profesa alifuta miwani yake. "Mkojo nao ni nitrojeni," akasema. "Kipande hiki kimeshaharibika, hatuwezi kukihesabu tena. Itabidi kazi irudiwe msimu ujao." Halafu akamgeukia mume wangu: "Nitakuombea huo mwaka."

Mngedhani nitashukuriwa. Ndani ya gari mtu ananinunia: "Umeniaibisha mbele ya watu wazima."

"Mimi ndiye niliyekojoa?"

Nikaapa siku hiyo hiyo: mwanamume akiniambia tena "njoo naye tu," namkabidhi mtoto mlangoni, nachomoa waya wa simu, nalala. Na nimelala Jumamosi nyingi tangu hapo.