Pampu Tuliyokataa Kuifungua

Fundi mkuu wetu alipofukuzwa Likasi, mji wetu wa migodi, pamoja na Wakasai wenzake walioambiwa warudi mkoa wao, aliondoka na kiwanda chote kichwani mwake. Hakuna aliyejua tena kwa hakika mashine gani ikizimwa ingesimamisha nyingine. Mimi nilikuwa mchoraji wa mitambo, mwanamke pekee pale. Nikaamua kukiandika kiwanda upya.

Nilitandaza karatasi kubwa, nikaipiga mistari ya miraba. Majina ya mashine niliyashusha upande wa kushoto, nikayarudia yaleyale juu. Kwa wiki tatu nilizunguka nikiwauliza mafundi: hii inategemea nini? Kila jibu likawa msalaba ndani ya mraba. Tanuru lilitegemea kompresa, kompresa ikategemea maji ya kuipoza. Nilipomaliza, safu iliyojaa misalaba kuliko zote ilikuwa ya pampu kuukuu nyuma ya bohari, ile iliyoliwa na kutu. Hata hospitali ilipata maji yake hapo.

Siku chache baadaye meneja mpya alikuja na lori.

"Ile pompi ya nyuma itoke leo. Ni vyuma vya zamani tu."

Nilimwekea karatasi mbele. "Patron, angalia. Ukiitosha, kompresa inasimama, tanuru inazimika. Na hospitali haiko na maji."

"Weye njo enjenieri?" aliuliza, akijua mimi ni mchoraji tu.

"Hapana. Lakini miye njo niliuliza bantu bote."

Akaichana karatasi mbele ya mafundi wote.

Niliokota kipande cha mawe ya chokaa yaliyoletwa kutoka machimbo ya Kakontwe, nikaanza kuchora upya ukutani, kando ya pampu. Niliposahau, mafundi walinikumbusha.

"Mama, tia musalaba na kwa mashini yangu!"

Meneja aliamuru bolti zifunguliwe. Mzee aliyeitunza pampu ile aliweka spana chini, akaikalia ile spana.

"Afungule yeye mwenyewe," alisema.

Hakuna aliyesogea. Lori liliondoka tupu.

Wiki iliyofuata nilisimamishwa kazi. Niliambiwa ningerudi nikiandika barua ya kuomba msamaha. Mume wangu aliniuliza, "Utaandika?"

"Niombe musamaha ya nini?"

Tukahamia Kapolowe kulima mahindi. Mwaka uliofuata tanuru lilizimika kwa kukosa madini, na wengi wakasema nilijisumbua bure. Pampu ilikuwa bado inasukuma maji hadi hospitali. Ile barua sikuiandika, na wakiniuliza leo, bado siiandiki.