Kwenda Kibuyuni na Lenzi Isiyoijua Kamera Yangu

Mwanaisha alinijia adhuhuri, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za studio yangu pale Ukunda nikijaribu kuutoa mchanga kwenye lenzi kwa brashi. Yeye alikuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya Galu, nami nikiwapiga picha wageni kwenye ufuo wa hoteli hiyo hiyo. Tulijuana kwa salamu tu. Mama yake, Bi Mwanamkasi wa Kibuyuni, alikuwa na uvimbe tumboni, na kesho yake angepelekwa hospitali ya Msambweni apasuliwe. Maisha yake yote alikataa kupigwa picha. Sasa alitaka moja, na watoto wake wote watatu wawemo.

"Dada Umazi, hajui kama atarudi," Mwanaisha alisema. "Nisingekusumbua."

Nilimkubalia kabla sijamwambia kwamba lenzi yangu imekufa. Upepo wa jana yake ulikuwa umeijaza mchanga, pete zake hazikugeuka hata kwa koleo.

Ilibaki moja kabatini. Mgeni mmoja aliniachia alipoondoka, baada ya kamera yake mpya kuingia maji ya chumvi. Kamera ile ilikuwa ya siku hizi, ya umeme mtupu, inayotumia filamu nyembamba kuliko yetu. Yangu ilikuwa ya chuma, ya zamani, ambayo marehemu mume wangu aliinunua kabla hatujahama Kinango. Jioni ile niliipachika lenzi ya mgeni kwenye kamera yangu kuukuu nayo ikaingia, ikalia ka! kama mlango uliopata komeo lake. Nikafurahi mapema.

Nilifungua mgongo wa kamera, nikaweka kipande cha karatasi ya maandazi iliyolowa mafuta mahali pa filamu, nikaelekeza dirishani. Taswira ya dirisha ilitua kwenye karatasi, lakini pembe zote nne zilikuwa giza. Lenzi ilitengenezwa kwa filamu ndogo, kwa hiyo mwanga wake uliishia katikati. Tena haikuwa na pete ya kurekebisha tundu la mwanga. Ilingoja amri ya umeme ambayo kamera yangu haikuwa nayo, na kila nilipobonyeza, tundu lilijifunga likawa kama tundu la sindano. Nilipoizungusha ili ione eneo pana zaidi, kioo cha ndani ya kamera kiligonga mgongo wa lenzi na kukwama. Nikajua kwamba kesho nitapiga picha ya duara, kwa mwanga haba, na yeyote atakayetikisika atageuka moshi.

Asubuhi tuliondoka Galu na pikapu ya hoteli iliyokuwa ikifuata samaki Shimoni. Dereva, Kyalo, alikuwa mtu wa bara, na alikubali kutupakia kwa sharti moja.

"Madam, nikitoka Shimoni napita hapo Kibuyuni mara moja. Barafu ikiyeyuka, mimi sina job."

"Na mama atapanda tukirudi?" Mwanaisha aliuliza.

"Atakaa mbele na mimi. Lakini msinicheleweshe."

Tulipopita Msambweni mvua ikaanza. Mwanaisha aliutazama ukuta wa hospitali mpaka ukapotea nyuma yetu, kisha akaniambia jambo ambalo hakuniambia jana. Kaka zake wawili, Bakari na Hamisi, hawakuwa wakisemezana. Hamisi, mdogo, alikuwa amemuuzia mtu wa mbali sehemu yake ya shamba la minazi aliloacha baba yao, bila kumshauri mwenzake. Mwaka uliopita waliinuliana mapanga, majirani wakaingilia.

"Wote watakuwapo?"

"Wameitwa na mama. Watakuja. Sijui watakaa vipi."

Baada ya Ramisi tuliiacha lami. Pikapu iliteleza kwenye tope jekundu, nami niliishika kamera kifuani ndani ya leso, nikiomba mvua ikatike. Haikukatika.

Kibuyuni, Kyalo alitushusha nyumbani kwa Bi Mwanamkasi akaendelea na safari yake. Tulipiga hodi. Mama alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba barazani, amevaa kanga mpya, uso umekonda lakini macho makali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mpiga picha? Nilidhani atakuja mwanamume." Aliniangalia. "Afadhali."

Bakari alisimama mwisho mmoja wa baraza, Hamisi mwisho mwingine. Waliitikia salamu yangu, kila mmoja kwa wakati wake. Niliifunga kamera kwenye stendi, nikarudi nyuma mpaka mgongo wangu ukagusa ukuta wa jikoni. Zaidi ya hapo ni mvua. Flashi yangu ndogo isingefaa kitu kwa tundu lile. Nikachungulia. Nilimwona mama na Mwanaisha. Kaka wawili walikuwa pale pale penye giza la karatasi ya maandazi.

Niliwaeleza kwamba lenzi hii haioni pembeni, hivyo inabidi wabanane. Mama na Mwanaisha kitandani, wao wawili nyuma yao, bega kwa bega.

Bakari alitikisa kichwa. "Nipige mimi na mama. Kisha yeye na mama."

"Mimi pia naona hivyo," Hamisi alisema, na hilo ndilo neno la kwanza walilokubaliana.

Nilimtazama mama. Alikuwa amejishika tumbo kwa mikono miwili, akingoja maumivu yapite. Yalipopita alisema taratibu, bila kumtazama yeyote.

"Hapa ndipo mlipokaa, wewe na yeye. Kesho patakatwa kisu. Mlipokuwa humu hamkuniambia pamebana."

Mvua iligonga makuti. Hamisi ndiye aliyesogea kwanza, kisha Bakari, akiangalia chini, mpaka bega lake likapita mbele ya bega la ndugu yake. Kwenye kamera, duara likawaenea wote wanne.

Niliwaambia wasipumue muda wa kusoma Bismillahi yote polepole. "Nitaisoma moyoni," mama akasema. "Nikimaliza, na wewe umalize."

Picha ya kwanza, Hamisi aligeuza uso. Nikaomba tena. Honi ya Kyalo ikalia nje katikati ya ile ya pili, wote wakashtuka. Kwa ya tatu uso wa mama ulikuwa umekuwa wa kijivu, nikajua hataweza ya nne. Nikabonyeza, nikahesabu kwa midomo iliyofungwa, nikaachia. Hakuna aliyetikisika, au ndivyo nilivyotaka kuamini. Sikuwa na njia ya kujua.

Kurudi, mama alikaa mbele na Mwanaisha. Sisi watatu tulikaa nyuma chini ya turubai, masanduku ya samaki katikati, Bakari upande huu na Hamisi upande ule. Hawakuzungumza. Kila gari liliporuka shimo, wote wawili waliinuka kumchungulia mama kupitia kioo kilichokuwa nyuma ya kiti chake, kisha wakaketi. Msambweni walimteremsha pamoja, mmoja kichwani na mmoja miguuni. Kyalo, aliyetusumbua njia nzima kwa barafu yake, alizima injini akangoja mpaka mlango wa wodi ukafungwa.

Ukunda, nilisafisha filamu siku ile ile. Picha ya kwanza Hamisi hakuwa na uso. Ya pili wote walikuwa ukungu. Ya tatu ilitoka: duara la mwanga ndani ya giza, na ndani yake watu wanne wametulia, mama akiwa wazi kuliko wote.

Mama alipona. Mwanaisha alimpelekea picha akiwa bado wodini, akaitazama sana, akauliza kwa nini nimewatia kisimani.

Safari ile ilinifunza kutoidharau lenzi iliyotengenezewa kamera nyingine. Ilinipa ilichokuwa nacho, mradi nikubali ukubwa wake. Jambo la pili nilifunzwa baadaye, Bakari alipokuja studio peke yake, ameshika nakala yake kwenye bahasha.

"Dada, unaweza kumtoa huyu?" aliuliza, kidole juu ya Hamisi. "Abaki mama, mimi na Mwanaisha."

Niliiweka picha kwenye mwanga wa mlango nikamwonyesha. Mashati yao yote yalikuwa meupe, na mabega yalipopishana hapakuonekana mpaka.

"Nikimkata yeye, nitakukata na wewe. Sioni unapoishia."

Aliinama, akatafuta mwenyewe kwa muda mrefu.

"Basi iache," alisema. Akairudisha kwenye bahasha, akaniaga, akatoka.